Nilivyomhoji Baba Mkwe kwa Niaba ya Jimbo Zima

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua kwamba adui yangu wa kwanza ni mdomo wangu mwenyewe. Kule Louisville ulinifukuzisha kazi ya ghalani, siku nilipomwigiza msimamizi mbele ya wenzangu naye kasimama nyuma yangu anasikiliza. Kule Columbus ukanivunjia uchumba, kwa sababu nilisimama kanisani kutoa ushuhuda, nikamshukuru Mungu kwa mchumba ambaye wazazi wake walikuwa bado hawajaambiwa. Nikapanda basi, nikaja Buffalo, nikaapa kwamba huku nitakuwa mtu wa kunyamaza.

Juma lililopita niliwaacha mkishangilia pamoja nami. Mzee Bagula, baba yake mpenzi wangu Josiane, alikuwa amekubali kuwapokea wazee wangu Jumamosi, waje wajitambulishe na kutamka posa.

Basi teremsheni vigelegele. Someni mwone mimi Marcellin nilivyoifanyia kazi hiyo baraka.

"Nakuomba kintu moya tu," Josiane aliniambia. "Mpaka Samedi, usiongee na papa. Usimupigie simu, usimukute kanisani ukaanza mastori yako. Nyamaza tu."

"Nimesikia."

"Unasikiaka kila siku."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mzee Bagula si mtu wa mchezo. Ni mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa West Side, na kila uchaguzi ukikaribia husimama baada ya ibada kutuhimiza tuliopata uraia tukapige kura. Novemba alikuja kanisani na ile stika wanayopewa waliopiga kura kifuani, akaivaa na Jumapili iliyofuata, mpaka ikaanza kubanduka pembeni. Na posa yangu aliitia sharti moja: "Binti yangu haolewe na mutu mwenye hapigake kura."

Mimi uraia niliupata Louisville, na kura napiga. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na sifa ambayo mtu anaitaka. Nilitembea nikijiona.

Tena kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo ya kura. Nilikuwa nimepata nafasi katika kampuni ndogo ya maoni, katikati ya mji. Wanapiga simu jimbo zima la New York kuwauliza wapiga kura wanawaonaje wanasiasa wao: gavana anafanya kazi vizuri au vibaya, utampa nani kura, una imani na uchaguzi au huna. Wa Kispanyola wana watu wao, wa Kiarabu wana wao. Wa Kiswahili nilikuwa mimi. Kompyuta ndiyo inayochagua namba na kupiga. Wewe unakaa na hedifoni masikioni unangoja mtu aseme "allo".

Msimamizi wetu alikuwa Claris, Mkenya aliyekuja kusoma, akamaliza, akaajiriwa hapo hapo. Siku moja akaniita mezani kwake.

"Marcellin, hebu ni-explain hii maneno. Gavana, watu wako wanamkubali sana. Mpinzani wake, wanamkubali sana. Congress, sana! Na huyu hapa chini ni jina tulitunga tu, ku-test. Huyu mtu hayuko, hajawahi kuzaliwa. Huyu pia wanamkubali sana!"

"Dada Claris, sisi ni watu wa shukrani."

"Hakuna mtu duniani anapenda Congress hivyo."

Sababu niliijua. Mtu aliyekimbia vita Kivu, kule Kongo, ukimpigia simu ghafla ukamwuliza anamwonaje kiongozi, hakupi maoni. Anajilinda. Mama Generoza wa kule Utica aliniambia waziwazi: "Andika nabapenda bote. Na bale hujataya, nabapenda pia."

"Na kitu kingine," Claris akaendelea. "Mbona unauliza watu habari ya watoto, habari ya mguu? Mguu si swali yetu."

"Siwezi kumwuliza mama wa watu habari za gavana kabla sijamwuliza mguu wake umeamkaje."

Akanitazama kama anayetafuta pa kuanzia. Kisha akanipa sheria upya: soma swali lilivyo, usishauri, usiongeze lako. "Na ukipata mtu unamjua, you apologise, una-hang up. Mwingine atampigia. Kuanzia leo nitakuwa nasikiliza calls zako."

Nikarudi kitini. Yeye akavaa hedifoni zake nyuma ya kioo. Kompyuta ikapiga.

"Allo! Bagula."

Ningeijua ile sauti hata kaburini.

Sheria ilikuwa wazi kama maji: omba radhi, kata. Lakini jamani, kwetu mdogo hamkatii mkubwa simu. Unangoja akuage. Asipokuaga unakaa hapo hapo, hata kama amelala. Na huyu hakuwa mkubwa tu, alikuwa baba mkwe wa keshokutwa, mtu ambaye mbele yake hata mfupa wa kuku siutafuni. Kidole kilifika juu ya kitufe kikagoma.

Nikaona nifanye ujanja. Nilikulia kambini Nyarugusu, kwa hiyo Kiswahili cha redio ya Tanzania nakiweza. Nikakaza koo.

"Hujambo, bwana? Ninakupigia kuhusu utafiti wa maoni ya wapiga kura wa jimbo la New York. Mazungumzo haya yanarekodiwa."

Nilijisikia msomaji wa taarifa ya habari. Nilikaribia kujipongeza. Sikukumbuka kwamba kwa mzee wa Kivu, mtu anayekupigia kwa Kiswahili kilichonyooka namna ile na kukwambia unarekodiwa, huyo ni serikali na ameshafika mlangoni.

"Serikali?" akauliza.

"Jimbo zima, bwana. Swali la kwanza. Je, umejiandikisha kupiga kura katika jimbo la New York?"

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. Alipoongea tena, ile sauti ya mwenyekiti haikuwepo.

"Muheshimiwa, niseme kweli mbele ya Mungu. Miye sikupigaka kura. Hata siku moya."

Nikazibana hedifoni masikioni.

"Ile stika nilipewa na mwenzangu wa kazi, Mwamerika. Batu ba kanisa njo nilidanganya. Serikali sikuidanganyaka. Sina uraia. Mtihani nilianguka, nikarudia, nikaanguka tena. Kingereza ya kuandika inanishinda. Na watu walishaniweka mwenyekiti. Ningebaambia nini? Donc, ninaomba, musinifunge. Musinirudishe kule."

"Mkeo anajua?" nikauliza. Swali hilo halikuwa kwenye karatasi wala kwenye kompyuta.

"Hajue. Nilimuambia niliapishwa siku ile alikuwa kazini."

Kwenye skrini maneno yalikuwa yananisubiri: mshukuru, maliza. Lakini huyu mzee alikuwa analia. Anajaribu kuyafuta machozi nisiyasikie, nami nayasikia. Nilimwonea huruma. Nikasahau redio, nikasahau Claris.

"Baba, tulia. Hii si serikali. Ni kampuni tu ya kuuliza maoni. Kosa lingekuwa kupiga kura bila uraia, na wewe hukupiga. Hakuna atakayekufunga kwa kuvaa stika."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akashusha pumzi ndefu. "Aksanti. Aksanti sana. Unaitwaka nani, mwanangu?"

Kwenye kiti cha pili alikaa kijana mwenzangu wa kazi, ametundika kitambulisho shingoni. Macho yangu yakaangukia jina lake.

"Austin."

"Bwana Austin, sasa nifanye nini?"

Nyuma ya kioo Claris alikuwa amesimama, anapitisha kiganja shingoni: kata! kata! Mimi nimeshaulizwa ushauri na mzee. Lini mara ya mwisho mzee aliniuliza ushauri? Kichwa kikavimba.

"Njia ya mwongo ni fupi, baba. Mwambie mkeo ukweli. Halafu simama uwaambie watu wako. Wakiupata kwingine watakucheka, lakini ukiwaambia mwenyewe watakuheshimu."

"Siwezi. Samedi niko na wageni. Kuna kijana anakuya kuomba binti yangu."

Hapo ndipo mwenye akili angekata. Wazee wote wa Kivu, walio hai na waliolala, wangenisamehe. Mimi nikakaza koo tena, nikarudi kwenye taarifa ya habari.

"Kuhusu huyo kijana, bwana. Je, unamkubali sana, unamkubali kiasi, humkubali sana, au humkubali kabisa?"

"Hiyo pia wanataka kujua?"

"Ni utafiti."

Akafikiri. Gavana wa jimbo hajawahi kufikiriwa hivyo.

"Andika kiasi."

"Kiasi? Kwa nini kiasi?"

"Anasema mingi. Mutu wa kusema mingi, siri ataweka wapi? Lakini hanywe, anasali, na binti yangu anamupenda. Bon, andika kiasi."

"Ukizingatia moyo wake mwema, si ungesema sana?"

"Unamujua?"

"Simjui hata kidogo!"

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Akaniombea baraka, mimi na uzao wangu, akaniaga vizuri, akakata yeye. Adabu yetu niliilinda mpaka mwisho.

Claris alikuwa ameshafika kitini kwangu.

"Hiyo swali ya mwisho ni number ngapi?"

Nikaitazama skrini kama vile namba itatokea.

"Huyo mzee ni nani yako?"

"Baba mkwe."

"Wuui! Baba mkwe? Kwa line yangu?"

"Bado hajawa."

"Na hatawahi kuwa. Toa headphones." Akazichukua mwenyewe. Hakupiga kelele, na hilo liliniuma zaidi. "Interview nitaifuta. Kazi siwezi kukutetea. Lakini kaka yangu, sikia moja tu. Kile mtu anatuambia kwa simu, kinabaki hapa. Usisimulie mtu. Hata ukiacha jina."

"Nimesikia."

Mmeshajua mimi husikiaje.

Josiane alikuja kunichukua na gari. Akaniona nimeinama, akauliza kulikoni. Ningesema nimefukuzwa, basi. Lakini alianza kusikitika, na mimi sipendi kumwona Josiane amesikitika, napenda kumwona anacheka. Nikaona nimsimulie kidogo tu. Nikaficha stika, nikaficha binti, nikaficha mji.

"Basi mzee mmoja, huko mbali, akafikiri mimi ni serikali," nikaanza.

Nikamwigiza. Nikaigiza kwikwi zake na ile "muheshimiwa, musinifunge". Nikamwambia jinsi alivyomdanganya mkewe kwamba ameapishwa, na jinsi alivyoniita Bwana Austin na kunibariki mimi na uzao wangu. Josiane alicheka mpaka akaegesha gari kando ya barabara ili afute macho.

"Pauvre, maskini!" akasema. "Bwana Austin! Na bibi yake anamuitikia tu, muraia! Na batoto bake benye kumwamini!"

"Eeh," nikasema, "na watoto wake."

Nami nikacheka naye. Nilijua tunamcheka nani, nikacheka. Nikitafuta dhambi nyingine ya kuiweka juu ya hiyo, siipati.

Jumamosi ikafika. Nyumba ya Mzee Bagula iko Black Rock, ya mbao, ngazi yake ya ndani inashukia moja kwa moja sebuleni. Harufu ya sombe, kisamvu chetu, ilitupokea tangu barabarani. Msemaji wangu alikuwa Tonton Birindwa, mdogo wa marehemu baba, aliyetoka Rochester na suti ya harusi yake mwenyewe. Mimi nilikaa katikati ya wazee wangu, macho chini, mdomo umefungwa. Siku hiyo desturi ilikuwa upande wangu: mwoaji haongei, anaongelewa. Josiane alikuwa amefichwa juu, angeitwa wakati wake ukifika, aulizwe kama anatujua.

Tonton Birindwa akasimama, akakohoa. "Shiye tulipita kwa njia, tukaona ua moja muzuri ndani ya kiwanja yenu…"

"Bon, ngojeni," Mzee Bagula akamkata. "Mbele ya kusema yenu, miye niko na neno."

Akasimama. Akaishika mikono nyuma.

"Nilisemaka kama binti yangu haolewe na mutu hapigake kura. Leo nataka mujue kama miye mwenyewe sikupigaka. Sina uraia. Mtihani ilinishinda. Ile stika haikuwa yangu. Niliwadanganya kanisani, na nilimudanganya bibi yangu."

Mama Josiane alikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia la soda. Hakuna chupa iliyolia.

"Na miye nilikupikia siku ile," akasema polepole. "Nilichinja kuku bawili, nikaita majirani. Ulikula."

"Nilikula."

"Ukaomba na supu."

"Niliomba."

Akaweka sinia mezani. Nilidhani anatoka. Akaenda akakaa kiti cha karibu na mumewe, akamvuta koti akae chini, akamshika mkono mbele yetu sote. "Utanisomea Kingereza jikoni kila siku," akasema, "na miye nikisikia umekosa, hakuna kula."

Wazee wakacheka kwa ahueni. Tonton Birindwa alifuta jicho. "Muzee," akasema, "nilikuya hapa nikikuogopa. Sasa nakuheshimu."

Nami nilifurahi, kweli nilifurahi. Nilimtazama baba mkwe wangu, uso wake umelegea, amekuwa kijana, nikajiambia: Marcellin, hiyo ni kazi yako. Kwa mara ya kwanza mdomo wako umejenga nyumba.

"Na sharti yangu naiondoa," Mzee akaendelea, sasa anatabasamu. "Na tena mujue, hii nguvu sikuitoa kwangu. Kuna kijana mmoja alinipigia simu, mambo ya maoni ya uchaguzi. Nililia kama mutoto. Hakunicheka. Alinisikiliza kama vile miye ni baba yake, akanishauri. Kila siku namuombea. Anaitwa Bwana Austin."

Juu ya ngazi, ubao ukalia.

Nikainua macho, kitu ambacho mwoaji hafanyi. Josiane alikuwa amesimama pale kwa kitenge chake kipya, mkono mmoja ukutani. Niliuona uso wake ukipanga mambo moja baada ya jingine: simu, serikali, muheshimiwa, gari limeegeshwa kando ya barabara, yeye mwenyewe anafuta macho kwa kicheko. Ukapanga mpaka ukamaliza.

"Ah, ameshatoka bila kuitwa!" Mzee akasema kwa furaha. "Haina shida, leo hakuna mambo ya kuficha. Josiane, shuka. Kuya mbele ya hawa wageni."

Akashuka. Alipita karibu yangu, marashi yake yakanifikia, wala hakunigusa hata kwa upindo wa kitenge. Akasimama katikati ya sebule. Shangazi zake jikoni walikuwa wameshajaza pumzi ya vigelegele.

"Binti yangu," Mzee akauliza kama desturi inavyotaka, "hawa watu unabajua? Na huyu kijana, tumupokee?"

Josiane alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kwa upendo ambao sijawahi kuuona usoni mwa mtu. Kisha akanitazama mimi.

"Papa, mbele ya kukujibu, muulize huyu siku ile kwa simu alikuambia anaitwa nani."

Mzee Bagula akanigeukia, bado anatabasamu.